Mshindani Ni Mwalimu

Ari ya mrukaji hufifia akijizoeza peke yake. Mchezo wa kukimbia na kuruka kuta, alioueneza David Belle wa Ufaransa, hushauri mtu ashindane na nafsi yake. Shauri hilo ni jema, lakini kwangu halikutosha. Hapa Ngokolo, Shinyanga, nilipata jingine katika ngoma za Wasukuma. Tangu karne ya 19 Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno, na wavutao watazamaji wengi ndio washindi. Kwa hiyo mchezaji hana budi kubuni jipya, maana hasimu wake hakulala. Tangu hapo humtafuta mrukaji anipitaye. Nafsi hujisamehe upesi. Mshindani hasamehe, naye hufundisha bila kukusudia.