Damu ya Mwenye Kunyongwa Iko Mkononi mwa Nani?

Huku pwani ya Ziwa Nyasa, tangu Lituhi hata Mbamba Bay, Waislamu si wengi na misikiti yetu ni midogo; walakini maneno yanenwayo katika baraza zetu ndiyo yale yale yanenwayo Songea, Tanga na Unguja. Ikisikiwa khabari ya mtu kuuawa, iwe kwa fedha za kahawa huko juu Mbinga au kwa tuhuma za uchawi huku chini ziwani, neno la kwanza litokalo vinywani ni "Anyongwe!" Mwaka huu vijana wa chuoni petu, ambao bado hawajajifunza kunyamaza kama wazee wao, walituuliza swali hili: mtu akinyongwa na Serikali, aliyemuua ni nani? Ni yule mwenye kufunga kamba, au jaji, au mwenye kutia sahihi? Swali hilo walilipeleka na nyumbani, na wazazi wakatujia, kila mmoja na jawabu lake. Ndiyo maana twalieleza hapa kwa urefu.

Hatuna haja ya kwenda mbali. Songea si zaidi ya mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka Mbinga. Pale, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga wakuu na wapiganaji wa Kingoni kwa sababu ya Vita vya Maji Maji, na miongoni mwao alikuwamo Nkosi Mputa Gama. Hisabu itajwayo kila Februari katika kumbukumbu ni watu 67. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, naye alinyongwa, na wazee husema kuwa kichwa chake kilikatwa kikachukuliwa hata Ujerumani. Sasa tazameni jinsi jukumu lilivyogawanywa. Jeshi lile lilijaa askari Waafrika wenye kula mshahara, askari angesema, "Nimeamrishwa." Afisa wa boma angesema, "Ni vita." Gavana Götzen alikuwa Dar es Salaam, na Kaisari wake alikuwa Berlin, nao wangesema kuwa hawakuwapo. Kila kidole kingemwelekea mwingine, na watu 67 wako chini ya ardhi.

Kisha tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba radhi, na akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa kile. Bwana huyu alizaliwa mwaka 1956, nusu karne baada ya kamba zile. Kwa nini basi aombe radhi kwa jambo ambalo hakulitenda? Kwa kuwa deni limeandikwa juu ya kiti, na mwenye kukikalia kiti hukirithi pamoja na madeni yake. Mngoni mmoja mzee wa huko alituambia kuwa radhi ile ilikawia mno. Ndivyo, lakini ilikuja kutoka mahali pake.

Ama katika dini yetu, jambo hili limewekwa kwa namna nyingine kabisa, na twaona vijana wengi hawaijui. Wao hudhani kuwa Uislamu umesema tu, auaye auawe, basi. Wasome aya ya 178 ya Suratul Baqara kwa utulivu. Aya ile inafaradhisha kisasi, na hapo hapo inafungua mlango wa msamaha na fidia, na inapomtaja mwenye haki ya damu humwita ndugu wa yule muuaji. Ndugu! Katika jambo la damu! Na katika Suratul Israa, aya ya 33, mamlaka yamepewa walii wa aliyeuawa, na papo hapo akakatazwa kupita mpaka. Kwa hiyo kadhi huthibitisha, mtawala hutekeleza, lakini anayeulizwa kama kamba ivutwe au isivutwe ni mwenye msiba. Mtawala hana ruhusa kusamehe damu isiyokuwa yake. Naye Anas bin Malik amepokea kuwa Mtume (s.a.w.), kila alipoletewa shauri la kisasi, alikuwa akihimiza msamaha.

Hatusemi haya ili kuidai Jamhuri ihukumu kwa sharia yetu. Majirani zetu wengi hapa ni Wakristo, twazikana nao na twavua nao samaki ziwa moja. Twayasema ili tupate kipimo.

Katika sheria ya nchi, tuliyoirithi kwa Waingereza, Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu chamtaka jaji, akishamwona mtu ana hatia ya kuua kwa kukusudia, atoe adhabu moja tu, nayo ni kifo kwa kunyongwa. Mjamzito hupewa kifungo cha maisha, na aliyetenda akiwa hajatimiza miaka 18 hanyongwi. Wasiokuwa hao, jaji hana khiyari. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, alihukumu kuwa adhabu hii yavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikasema kuwa haiivunji. Basi jaji husema, sheria imenifunga. Mkuu wa gereza husema, nimeletewa hati. Hati hiyo haitoki ila kwa Rais, na Ibara ya 45 ya Katiba imempa yeye uwezo wa kusamehe au kuipunguza adhabu. Yaani katika safu yote hii, tangu mpelelezi hata mwenye kufunga kamba, aliye na khiyari kamili ni mtu mmoja. Ile haki ambayo sisi twaifahamu kuwa ni ya mjane na mayatima, dola imeichukua ikaiweka juu ya meza ya Ikulu.

Tangu katikati ya miaka ya 1990 hapana aliyenyongwa Tanzania. Kabla ya hapo sahihi zilitiwa. Tulisimuliwa na wakubwa zetu khabari ya Saidi Mwamwindi, mkulima wa Isimani, ambaye tarehe 25 Desemba 1971 alimpiga risasi Dakta Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, katika mgogoro wa mashamba ya ujamaa, kisha akaichukua maiti kwa gari mpaka polisi akajisalimisha. Alihukumiwa akanyongwa. Wako wasemao hata leo kuwa ilikuwa haki, na wako wasemao kuwa mkulima yule alibanwa na siasa. Hatutaki kuamua baina yao. Twataka kusema kuwa pale palikuwa na mahakama, na ushahidi, na karatasi yenye jina la mwenye kuamua. Anayetaka kulaumu ajua amlaumu nani.

Lililo zito zaidi ni pale karatasi inapokosekana. Mwaka 1969 Serikali ya Bara iliwarudisha Zanzibar Abdallah Kassim Hanga na Othman Shariff, watu waliokuwa na majina makubwa, nao wakauawa huko. Mkono uliowatoa haukushika silaha. Je, umetoka safi? Twadhani aliyewatoa mwenyewe alilijibu swali hili kwa vitendo, kwani alipouawa Mzee Karume tarehe 7 Aprili 1972, na Zanzibar ikawataka washitakiwa waliokuwa wamezuiliwa Bara, miongoni mwao Abdulrahman Babu, safari hii Mwalimu Nyerere hakuwatoa. Mwaka 1974 walihukumiwa kifo hali hawapo, na mwaka 1978 Babu akatoka kizuizini yu hai. Jambo ni lile lile moja, kumtoa mtu au kutomtoa, na lilitenganisha baina ya kaburi na uhai. Asitwambie mtu basi kuwa mtawala asiyetia sahihi hakutenda kitu.

Na hili latuleta kwa watawala wa baadaye. Mwezi Septemba 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kuwa haoni wepesi wa kuidhinisha kunyongwa watu, na akaomba asipelekewe majina. Wengi walimsifu. Nasi twaona kuwa hofu ya damu ni katika sifa njema za moyo, na Desemba mwaka ule ule aliwasamehe 61 waliokuwa wakingoja kamba, na mwaka 2020 akawabadilishia adhabu wengine 256. Lakini mahakama, kwa kuwa sheria ni ile ile, zaendelea kuhukumu, na chumba kinachotolewa watu hujazwa wengine. Kutokutia sahihi bila kusamehe ni kumwacha mtu mlangoni mwa mauti miaka 10 au 15, kila asubuhi akisikiliza nyayo.

Tunasema hivi kwa kuwa katika chuo chetu wamo watoto wa nyumba mbili. Nyumba moja baba yao aliuawa. Nyumba ya pili, mtoto wa kwanza ndiye aliyehukumiwa kwa damu ile. Majina hatuyataji, na kijiji hatukitaji. Watoto hawa huketi mkeka mmoja, na mara nyingine msahafu ni mmoja baina yao. Mama wa yule aliyehukumiwa amemwona mwanawe mara mbili tu tangu siku ya hukumu, kwani gereza liko mbali na nauli ni ya kuuzia mbuzi. Hajui kama mwanawe ataishi. Hajui hata kama amwombee dua ya aliye hai au ya anayekata roho. Alitujia akauliza, "Maalim, yafaa nimtolee sadaka ya maiti?" Tukamwambia, la, mtolee ya aliye hai.

Mjane naye, ambaye ndiye mwenye msiba, ameachwa vivyo hivyo. Aliitwa mahakamani siku moja kutoa ushahidi, akarejea, na tangu hapo hakuna aliyemwuliza kitu. Hakulipwa fidia; mashua ya mumewe iliuzwa kwa deni. Hakuulizwa kama ataka kisasi, wala kama asamehe. Serikali imechukua haki yake yote miwili, ya kudai na ya kuachilia, kisha ikaifungia sandukuni. Ikiwa mwenye madaraka hataki kunyonga, naye haambii wenye damu kuwa hatanyonga, basi msiba wa nyumba hizi mbili haufikii arubaini yake.

Ng'ambo ya ziwa hili, Malawi, walipita njia hii kabla yetu. Wakati wa Rais Banda watu walinyongwa, na mwanasheria Orton Chirwa na mkewe Vera walihukumiwa kifo mwaka 1983 kwa uhaini; Banda akawapunguzia mwaka 1984, lakini Orton alifia gerezani Zomba mwaka 1992. Alipochaguliwa Bakili Muluzi mwaka 1994, ambaye ni Mwislamu mwenzetu, alizibadili hukumu za kifo alizozikuta na akatangaza kuwa hatatia sahihi yoyote. Hata hivyo sheria ilibaki, mpaka mwaka 2007 mahakama yao ilipokataa kumlazimisha jaji adhabu moja tu. Na kuanzia mwaka 2015 kesi za zamani zikasikilizwa upya, watu zaidi ya 100 wakarudi makwao. Khabari hizi wavuvi huzileta pamoja na dagaa.

Kwetu, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ilisema jambo kama hilo mwezi Novemba 2019, kuwa kumfunga jaji kwa adhabu moja ya kifo ni kuikiuka haki ya uhai. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo iliigusa adhabu hii katika mapendekezo yake. Wenye kutunga sheria wanayo mambo hayo mezani.

Sisi walimu wa vyuoni hatukualikwa kwenye meza ile, lakini tungependekeza jambo dogo moja: faili la mtu wa namna hii lifikapo kwa kamati inayomshauri Rais chini ya Ibara ya 45, wenye damu waulizwe, jawabu lao liandikwe, na uamuzi wa Rais, uwe wa kusamehe au wa kutosamehe, utolewe kwa tarehe inayojulikana na upelekwe kwa barua katika nyumba zote mbili. Mjane wa hapa kwetu yu tayari kuulizwa. Jawabu lake hakutuambia ni lipi, nasi hatukumwuliza, kwani si sisi wenye haki ya kulisikia kwanza.