Miguu Isikatwe

Kabla ya ndege nilipiga picha za watu. Studio niliyojifunzia kazi ilikuwa Nakuru mjini, ya pasipoti na harusi, na mwenyewe alikuwa na amri asiyochoka kuirudia: usimkate mtu kwenye kiungo. Kata pajani, kata juu ya kiuno, lakini goti na kifundo usiviguse, la sivyo mteja ataichukia picha yake bila kujua sababu.

Amri hiyo nilienda nayo ziwani, ikanitia taabuni. Heroe ni miguu na shingo tu. Yule mkubwa hukaribia mita moja na nusu, na hapo watu wanapopaita goti, panapokunjika kinyumenyume, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limejificha juu manyoyani. Utamkatia wapi? Nikaamua ama nimchukue mzima, ama kichwa na shingo basi. Na mzima maana yake ni pamoja na kivuli chake majini, kwa sababu asubuhi ziwa likitulia kile kivuli ni nusu ya pili ya ndege. Kwa hiyo kamera yangu ikawa ya kusimama wima.

Wenye kalenda hawakuipenda. Wao walitaka picha ya mlalo, iliyopigwa kutoka mlimani, ziwa zima waridi. Niliwapigia, tena sana, na karo za watoto zilitoka humo. Lakini ile ni picha ya rangi, ndege humwoni.

Maji ya Nakuru yalipopanda miaka ya 2010, magadi yakazimuliwa, chakula cha heroe kikapungua, wengi wakahama. Nami nikahamia Bogoria. Huko barabara inapita ufuo wa magharibi, hivyo asubuhi jua hukukabili likitokea nyuma ya genge la Siracho. Wengi hungoja alasiri ili wapate rangi, nao hukutana na upepo na maji yaliyovurugika. Mimi huchukua asubuhi na weusi wake. Nalala kifudifudi, lenzi ndefu juu ya mfuko wa maharagwe (mchele hulowa upesi), nachunguza ufuo wa ng'ambo usije ukapita shingoni mwa ndege, kisha napiga. Waridi yote inapotea. Miguu inabaki michirizi ya wino.

Shida ni kwamba heroe mdogo akila huinamisha kichwa, mdomo juu chini, akichuja mwani. Kundi zima linakuwa viwiliwili visivyo na vichwa. Anayenisaidia ni furukombe, maana huwawinda. Akipita tu, shingo zote hunyanyuka pamoja, na kabla hawajaruka hutimka juu ya maji wakiukabili upepo. Ndiyo maana mimi huacha nafasi kwenye picha upande upepo unakotokea.

Wapo wanaorusha mawe ili ndege waruke. Siwezi kufanya kazi karibu nao. Ndege aliyefukuzwa amenyimwa mlo. Vijana wenye adabu zaidi huniuliza kwa nini sinunui droni. Nawajibu kwamba droni nayo hufukuza, na hata isingefukuza, kutoka juu miguu haionekani. Itanipa migongo, na migongo ya heroe niliimaliza enzi za kalenda.