Kutoka Kimara Hadi Kivukoni

Anayetaka kuijua Dar es Salaam kwa safari moja na apande basi la mwendokasi Kimara. Njia hiyo, iliyoanza kutumika Mei 2016, imetengewa mabasi peke yake katikati ya Barabara ya Morogoro. Magari mengine yakikwama, basi hupita. Ubungo hupita chini ya barabara za juu zilizozinduliwa mwaka 2021. Kituo cha Urafiki hukumbusha kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China. Manzese na Magomeni abiria husongamana hadi mlangoni.

Kisha basi huteremka Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi. Hapo ndipo penye mtihani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwang'oa wakazi wa bondeni, wengi wakahamishiwa Mabwepande. Hata hivyo karakana ya mabasi ilijengwa papo hapo, na tangu hapo mvua kubwa zimeifunga njia mara nyingi. Siku hizo mfanyakazi hukosa kazi, na mgonjwa aendaye Muhimbili hubaki akitazama ng'ambo.

Basi limeshinda foleni, halijaushinda mto. Njia ya umma na ipimwe siku ya mvua.