Nodi Inayochelewa

Mashine iliyokufa haijawahi kuninyima usingizi. Ikifa, taa yake inazimika, mfumo unaiondoa kwenye foleni ya kazi, nasi tunaichomoa na kuilaza mezani. Iliyonila umri ni ile inayochelewa. Iko hai, taa yake ni ya kijani, ukiiita inaitika, lakini hesabu ya dakika kumi inaifanya kwa dakika arobaini, na hakuna mahali ilipoandika kwamba inaumwa.

Mimi ni mzaliwa wa Kondoa. Ufundi wa kompyuta niliuanzia kwenye kibanda karibu na Jamatini, Dodoma mjini, enzi ambazo mji huu ulikuwa makao makuu kwa jina. Uamuzi wa kuhamia hapa ulipitishwa mwaka 1973, lakini wizara zilianza kufungasha kwelikweli baada ya Rais Magufuli kulitia mkazo jambo hilo mwaka 2016. Wateja wangu walikuwa shule, misheni na ofisi ndogondogo, na maradhi ya mashine zao yalikuwa mawili: vumbi na umeme. Baadaye chuo kimoja hapa Dodoma kiliniajiri kutunza klasta yake. Maradhi niliyoyakuta huko ni yaleyale mawili, ila sasa yalikuwa yamevaa suti.

Klasta ni kompyuta nyingi, kila moja ikiitwa nodi, zilizounganishwa kwa mtandao wa kasi ili zigawane hesabu moja. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, katika kituo cha NASA cha Goddard huko Marekani, waliunganisha kompyuta 16 za bei nafuu, wakauita mtambo wao Beowulf, na tangu hapo hata vyuo visivyo na fedha nyingi vikapata moyo. Sisi Tanzania tulikuwa na historia yetu: kompyuta ya kwanza iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, kisha mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Fundi aliyenifunza kushika bisibisi aliusimulia wakati ule kama watu wanavyosimulia njaa.

Nodi zetu zilikuwa za mkono wa pili, na hilo si jambo la kuonea haya. Ranger, mtambo mkubwa wa Chuo Kikuu cha Texas uliowashwa mwaka 2008 ukiwa na nodi 3,936, ulipostaafishwa mwaka 2013 sehemu ya rafu zake ilivushwa bahari na kugawiwa vyuo vya Afrika kupitia CHPC, kituo cha kompyuta za kasi cha Afrika Kusini. Nodi moja ya Ranger ilikuwa na prosesa nne, kila moja viini vinne, na memori ya gigabaiti 32. Mashine za rika hilo ni ngumu kama watu wa zamani, lakini zinataka kuangaliwa.

Kazi iliyokuwa ikitutoa jasho zaidi ilikuwa ya mvua. Dodoma ina msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima haiko mbali na milimita 600. Mkulima wa mtama hana shida sana na jumla hiyo. Kinachomuumiza ni jua linalokatiza katikati ya msimu mimea ikiwa bado michanga. Mtafiti mmoja wetu alikuwa anaendesha modeli ya hewa iitwayo WRF ili aone vipindi hivyo. Modeli hiyo huikata ramani vipande, kila kiini kikapewa kipande chake, na kila baada ya hatua moja ya hesabu majirani hupeana habari za mipakani. Hakuna anayeanza hatua ya pili kabla jirani hajamaliza ya kwanza. Ni msafara wa harusi: gari bovu moja likipanda mlima Sekenke kwa kukohoa, bwana harusi naye anafika usiku.

Siku moja modeli ilikwenda vizuri asubuhi, ikapoa kuanzia saa sita mchana. Kijana niliyekuwa naye, mwanafunzi hodari, alikuwa ameshaamua.

"Shikamoo Injinia. Tatizo ni programu. Tuijenge upya."

"Marahaba. Usiku ilikuwaje?"

"Usiku ilikimbia."

"Basi programu gani hiyo inayojua saa?"

Nilimwambia atume jaribio dogo, lilelile, kwa kila nodi peke yake, bila mtandao wala diski ya pamoja, aandike muda wa kila moja kwenye karatasi. Njia hii haina ujanja wowote, na ndiyo sababu vijana hawaipendi. Nodi zote zilimaliza karibu pamoja isipokuwa moja, iliyotumia zaidi ya mara mbili ya muda wa wenzake. Tukasoma vipimajoto vyake: prosesa zilikuwa zimefika kikomo cha joto, zikajipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Ndivyo zilivyoundwa. Mashine haikuwa imeharibika, ilikuwa inajiokoa.

Tulipoitoa kwenye rafu na kufungua kifuniko, kati ya mapezi ya bamba la kupoozea hapakupita hewa. Vumbi jekundu la Dodoma, lile la upepo wa Agosti, lilikuwa limeshikana na nyuzi za nguo likawa blanketi. Lilibanduka kwa kidole, zima, na alama za mapezi zimejichora upande wa chini. Kijana alitaka kupuliza kwa blowa palepale ndani ya chumba. Nikamtoa nje nayo, maana ukipuliza ndani unagawia nodi nyingine urithi huo. Na ukipuliza, shika pangaboi la feni lisizunguke. Feni inayosukumwa na upepo wa blowa inaharibu beringi zake.

Lakini kwa nini nodi hiyo na si jirani zake? Hapo ndipo wengi huachia njiani. Chini yake palikuwa na nafasi tupu ya nodi iliyokwenda kutengenezwa na haikurudi, wala hapakuzibwa. Hewa ya moto iliyotoka nyuma ya rafu ilikuwa inapitia tundu hilo, inazunguka mbele na kuvutwa tena. Tena sisi tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, inabeba joto kidogo kwa kila mzunguko wa feni. Seremala wa chuo alitukatia vibao vya kuziba matundu yote. Joto likashuka kabla hatujagusa kiyoyozi.

Kisa cha umeme ni kingine. Umeme ulikatika usiku, jenereta haikuwaka, UPS zikamaliza pumzi. Asubuhi mzee wetu wa umeme, Mgogo mwenye subira, alirudisha kila kitu na kuja mlangoni.

"Mbukwa, mwanangu. Moto upo. Mbona watu wanasema mtambo haupo?"

"Mbukwa, mzee. Upo, lakini haujuani wenyewe."

Ilikuwa kweli tupu. Nodi zote zilikuwa zimewaka, mtandao unapita, lakini Slurm, mfumo unaopanga foleni ya kazi, uliziona baadhi kama zimepotea. Slurm hutambua nodi zake kwa hati ndogo za siri zinazotolewa na programu iitwayo MUNGE, na kwa kawaida kila hati ina uhai wa dakika tano. Saa za mashine mbili zikipishana zaidi ya hapo, hati inakataliwa: imekwisha muda, au inatoka siku ambayo haijafika. Nikaandika amri moja ya kuuliza tarehe kwenye nodi zote. Tatu zilijibu kwa mwaka ambao kijana wangu alikuwa bado chekechea.

Betri za kwenye ubao mama, zile za duara zinazouzwa hata kwa fundi saa, zilikuwa zimekwisha. Muda wote umeme ukiwepo hakuna aliyejua, kwa sababu saa ilikuwa inaishi kwa umeme wa ukutani. Nodi hizo zilitakiwa kuiuliza saa nodi kuu, lakini nodi kuu nayo ilichelewa kuamka kwa vile ilikuwa ikingoja diski za pamoja, na MUNGE ikaanza kazi kabla saa haijarekebishwa. Tukabadilisha betri zote, hata zilizokuwa nzima, na kuamuru MUNGE ingoje saa isawazishwe kwanza. Kisha niliandika utaratibu wa kuwasha: swichi, halafu hifadhi ya diski, halafu nodi kuu, mwisho nodi za hesabu. Karatasi tukaibandika mlangoni. Mtu alipendekeza tuiweke kwenye seva ya mafaili. Nikamuuliza ataisoma vipi seva ikiwa imezimwa.

Nina ukali wangu mmoja, na wanafunzi wananisema kwa huo: simruhusu mtu kuzima na kuwasha mashine kabla hajasoma logi. Kuwasha upya kunaponya leo na kufuta ushahidi. Memori ikianza kuchoka, hujisahihisha yenyewe kimyakimya na kuandika kila kosa. Ukisoma idadi ikipanda wiki hadi wiki, unajua kipande cha kung'oa kabla hakijaangusha kazi ya mtafiti. Sitetei ukali huo kwa maneno mengi. Mtafiti aliyepoteza hesabu ya siku nzima hunitetea.

Hivi karibuni mhasibu aliniuliza kwa nini chuo kinalipia umeme wa rafu nzima za wazee hawa, wakati seva moja mpya yenye prosesa mbili za EPYC inaweza kuwa na viini 128, yaani sawa na nodi nane za Ranger, tena vyenye kasi zaidi. Hoja yake ni sahihi, na kwa kazi ya mvua tumeomba seva hiyo. Wazee nimewapunguza hadi rafu moja ya kufundishia, kwa sababu ndani ya seva moja huwezi kumfundisha mtu kutafuta anayechelewa kati ya wengi. Mhasibu alisikiliza mpaka mwisho, akatoa bili ya mwezi, akaniomba nisaini hapo chini.