Kutoka Iringa Hadi Mbeya kwa Ajili ya Kibao

Asubuhi na mapema niliteremka kutoka mjini Iringa hadi Ipogolo kupanda basi la Mbeya. Mfukoni nilikuwa na fedha za gunia la viazi la dada yangu, naye alikuwa amenionya, "Kaka, mwambie mpwa wako safari hii asizipoteze."

Kijana huyo anasoma ufundi wa elektroniki katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi. Anatengeneza kiangulio cha mayai kitakachotunza joto la nyuzi 37.5 chenyewe. Kazi hiyo yataka bodi ya saketi, yaani kile kibao cha kijani mnachokiona ndani ya redio, chenye njia za shaba mahali pa nyaya. Mara ya kwanza aliagiza peke yake kiwandani China, akakosea kipimo cha tundu moja tu, na fedha zote zikapotea.

Mafinga tulipishana na malori ya mbao za Sao Hill. Makambako, mahali reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu, tulikaa sana, maana konda hakutaka kuondoka mpaka viti vijae. Nilinung'unika, lakini abiria wachache wangelipaje mafuta ya basi zima? Baada ya Chimala na Uyole, nikauona mlima Loleza.

"Shikamoo, mjomba." Alikuwa na wenzake wanne, kila mmoja na mchoro wake mdogo. Wakanieleza kwamba kiwandani kuandaa picha ya saketi, kuipanga mashine ya kutoboa na kuiondoa shaba isiyotakiwa kwa dawa ni kazi ile ile, uagize kibao kimoja au ishirini. Kwa hiyo wanaipanga michoro yote mitano katika bamba moja la sentimeta 10 kwa 10, wakilipa maandalizi mara moja. Kati ya kibao na kibao huacha kama milimita 2 za kupita kisu, kama vile msumeno unavyokula mbao.

Ila ushirika una masharti. Bamba ni moja, basi unene ni mmoja, milimita 1.6, na shaba ni ile ile kwa wote. Aliyetaka kibao chembamba zaidi ilimbidi akubali cha wenzake. Tena viwanda vingine vikiona michoro mingi katika bamba moja huongeza malipo. Yafaa kuuliza kabla.

Ugomvi ulikuwa kwenye kugawana gharama. Kibao cha mpwa wangu kilikuwa sentimeta 5 kwa 4, cha mwenzake 8 kwa 5, mara mbili yake, naye mwenye kikubwa alitaka walipe sawasawa! Mimi karani wa parokia nimezoea daftari za michango. Nikawaambia, maandalizi na usafirishaji mgawane kwa vichwa, bamba mgawane kwa ukubwa. Walibishana mpaka chai ikapoa, wakakubali. Kisha nikawataka kila mmoja akague matundu ya mwenzake, si ya kwake, maana jicho la mwenye kazi huliruka kosa lake. Wakagundua makosa mawili. Usiku ule wakatuma.

Nilirudi Iringa na zaidi ya nusu ya fedha za viazi. Dada alizihesabu mara mbili, akaniuliza vifaranga vitatoka lini.