Usijifungie na Jiko

Chiwata, Masasi
Mwishoni mwa Mei

Mpwa wangu,

Huku kikohozi cha majira kimeshaanza kupita nyumba hadi nyumba. Mama yako amenisomea ujumbe wako kwamba katikati ya Juni unarudisha funguo za chumba cha Mbagala na kuja kushika mikorosho yake. Nimefurahi sana. Unajua kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na kuketi naye na kumwambia ni kazi ya mjomba, basi nivumilie.

Unakuja wakati mbaya kwa mtu aliyezoea jasho. Kipupwe chenu cha Dar mnakijua kwa kuzima feni. Huku ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, kusi inapanda kutoka baharini usiku kucha, na alfajiri ukungu umelala juu ya mashamba na mikorosho inadondosha umande utadhani mvua imenyesha. Sikutishi, si baridi ya Makete wala Njombe, hatuna sakitu. Lakini nyumba zetu zilijengwa kwa kuogopa joto, upepo unaingia juu ya ukuta na kutokea upande wa pili bila kubisha hodi. Wanaokuambia Mtwara yote ni joto waliishia pwani.

Lete sweta mbili, blanketi zito na viatu vya kukanyagia majani yenye umande. Ukisahau, mitumba ya Masasi mjini itakutosha.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Nilirudi kutoka Dar mwaka 1996, baada ya miaka kumi na miwili. Nilirudi na tabia zote za mjini: komeo la chuma mlangoni, na aibu ya kuingia ua wa mtu bila shughuli. Julai ilipokaza, kila alfajiri niliwaona majirani wamezunguka moto nje, nami nikipita nawasalimu kwa mbali na kuendelea na njia. Usiku mmoja nikawasha jiko la mkaa, nikasubiri moshi uishe, nikaliingiza chumbani. Nikafunga mlango, nikaziba dirisha kwa gunia. Niliona nimepata akili ambayo wengine hawana.

Nilizinduka kichwa kinapasuka na miguu hainitii. Nilivyoanguka niligonga ndoo, na mama wa nyumba ya jirani akasikia kishindo. Komeo langu zuri la Dar liliwachukua majirani muda kulivunja. Walinilaza uani kwenye umande, nikatapika hadi kumekucha. Mkaa ukiwa mwekundu hauna moshi, lakini hewa yake inaua, nayo haina harufu wala rangi. Kwa hiyo jiko libaki nje, mpwa wangu. Maji ya kuoga chemshia nje, mtoto wako akitetemeka mfunike, usimletee jiko kitandani. Hili silifanyii mjadala.

Lakini kilichoniuma zaidi ni maneno ya yule mama asubuhi. Alisema, "Kumbe nawe unasikia baridi? Sisi tulidhani hututaki." Walikuwa wameniacha kwa heshima. Mimi nikifikiri nisiwasumbue, wao wakifikiri nimewadharau, na kati yetu palikuwa na hatua ishirini.

Basi ukifika, saa kumi na moja alfajiri toka nje. Utaona moto kwa jirani wa kushoto, kisiki cha mkorosho kinachoungua taratibu tangu jana. Usingoje kuitwa. Nenda na ukuni wako mmoja, siku nyingine nenda na mihogo ya kufukia kwenye majivu. Msimu huu kuna mbaazi, na wanaojua kuchimba wataleta ming'oko. Ukipewa, ile kwa chumvi na usiulize maswali ya mjini. Siku wakikuletea samaki nchanga, hapo nakuruhusu uulize, maana huyo si samaki, ni panya wa shambani. Mimi namla.

Pale motoni ndipo mambo yanapojulikana: nani amelazwa Ndanda, mkutano wa chama cha ushirika ni lini, salfa ya kupulizia mikorosho imefika au bado. Mwaka ule wa komeo mimi nilipata habari ya salfa wakati wenzangu wameshapuliza mara mbili. Korosho nilizovuna zilijaa nusu gunia, na wa kulaumiwa nilikuwa mimi.

Maana baridi hii unayoiogopa, mikorosho inaiogopa zaidi. Inachanua wakati huu huu, na ubwiri unga unapenda usiku wa baridi na unyevu. Ukiona maua yamepakwa kama unga mweupe, umechelewa. Mama yako atakusimulia alivyoona shamba zima likikauka maua. Mwaka 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 za korosho. 1986/87 hazikufika hata 20,000. Wengine husema ni ugonjwa tu. Mimi nasema ni ugonjwa, na bei, na Operesheni Vijiji iliyotuhamisha mbali na miti yetu ikabaki porini. Hali hiyo ndiyo iliyonipeleka mimi Dar, wala sikuwa peke yangu.

Salfa hupulizwa kabla ya jua kukaza, upepo ukiwa umelala na jani bado lina umande, ishike. Robo kilo kwa mti kila raundi, kisha baada ya wiki mbili au tatu unarudia. Funga kitambaa puani, vaa nguo ndefu, na usisimame upande upepo unakoelekea. Salfa ikiingia machoni utalia siku nzima. Kijana wa mota ya kupulizia mwahi mapema, anagombewa. Na jambo la kwanza ukifika, hata kabla hujafungua mabegi, nenda AMCOS, chama chetu cha ushirika, uangalie jina la mama yako kwenye daftari la wakulima, kwa sababu salfa ya ruzuku inafuata jina.

Fedha utaiona mnadani, Oktoba au baadaye. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze, mwaka 2007, ndiyo njia yetu. Kwa hiyo Juni hadi Septemba ni miezi ya kutoa tu: mota, palizi, dawa ya kikohozi. Wenye kangomba wanaujua wakati huo kuliko sisi. Watakuja na maneno matamu, watakukopesha kidogo leo ili walipwe korosho ambazo bado ni maua. Mtoto akiumwa, njoo kwangu. Ukiishiwa, kaseme pale motoni, utapata debe la mbaazi au siku mbili za kibarua. Lakini maua usiyauze. Dada yangu aliyauza mara moja, naye hapendi niseme, kwa hiyo usimwambie nimeandika.

Palizi usiiache hadi Agosti. Vijana wanaowinda panya wa shambani huchoma majani, na moto haujui mpaka wa shamba la nani. Nimesema nao mwaka hadi mwaka. Fyeka tu chini ya miti yako.

Panda basi la alfajiri hapo Mbagala, ufike Masasi ungali na muda. Usipande huku usiku. Ukungu ukishuka, hata bodaboda wenyeji huenda kwa kubahatisha. Nipigie ukifika Ndanda nitume mtu.

Na zile sweta, lete tatu. Ya tatu ni yangu.

Mjomba wako