Ziwa Likifungwa, Ilaze Injini Yako Vizuri

Ndugu mvuvi, mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Miezi 3 ni mingi kwa injini ya boti iliyokaa bure. Petroli iliyobaki kwenye kabureta hukauka na kuacha utando unaoziba vitundu vyake, na unyevu huleta kutu ndani ya silinda. Ziwa linapofunguliwa, wenzako wanatupa nyavu, wewe unatafuta fundi kwa pesa ya mkopo.

Nikipita mialoni huwa nasema kazi hii haimalizi hata asubuhi moja. Funga injini kwenye pipa la maji safi, maji yafunike tundu la kunyonyea. Washa nje penye hewa, bila gia, dakika 10. Kisha chomoa mpira wa mafuta, iache izime yenyewe ili kabureta ibaki tupu. Usiiwashe kavu; pampu ya maji itaungua.

Ikipoa, fungua plagi, tia kijiko cha oili safi kila silinda, vuta kamba taratibu mara 3, rudisha plagi. Kagua oili ya gia: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Tengeneza sasa, usingoje Agosti.

Isimamishe wima, uifunike kwa kitambaa, si nailoni.

Nawe mfanyabiashara unayewakopesha wavuvi, simamia haya. Injini inayowaka siku ya kwanza ndiyo itakayokulipa deni lako.